Maana Katika Mwanzo wa Neno: Herufi Tangulizi za Kiingereza na Msomaji wa Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inachunguza uhusiano uliopo kati ya herufi zinazoanza neno la Kiingereza na maana ya neno hilo, kwa kumzingatia msomaji aliyekwisha kuimudu lugha ya Kiswahili. Inadaiwa kwamba mwanzo wa neno la Kiingereza huweza kuhusiana na maana kwa njia tatu zilizo tofauti: kwanza, kama kiambishi; pili, kama sehemu ya familia ya maneno yanayofanana kwa sauti na kukaribiana kwa maana; na tatu, kwa sadfa tupu. Inaonyeshwa kwamba msemaji wa Kiswahili ana mazoea, yaliyojengwa na lugha yake, ya kutafuta maana mwanzoni mwa neno. Na kwamba mazoea hayo humfaa mahali pengine na kumpotosha mahali pengine. Mwishoni panapendekezwa kipimo cha maswali matatu kwa ajili ya walimu na watungaji wa kamusi.

1.0 Utangulizi

Msomaji anayetazama maandishi ya Kiingereza kwenye pipa la mafuta huenda akakutana na neno 'inflammable'. Darasani amefundishwa kwamba in- inapotangulia neno huleta ukanushi, kama katika 'incorrect', yaani isiyo sahihi, au 'incomplete', yaani isiyokamilika. Akiifuata kanuni hiyo kwa uaminifu, atahitimisha kwamba kilichomo ndani ya pipa hakishiki moto. Ukweli ni kinyume chake: neno hilo lina maana ya kitu kinachowaka kwa urahisi.

Kosa hili halitokani na uvivu wa mwanafunzi. Linatokana na kanuni iliyofundishwa nusu. Wala haliwapati wageni wa lugha peke yao. Katika miaka ya 1920 taasisi ya Marekani inayoshughulikia kinga ya moto, National Fire Protection Association, ilihimiza neno 'flammable' litumike badala ya 'inflammable', kwa kuwa ilihofiwa kwamba hata wenye lugha yao wangeisoma in- kama ukanushi. Ikiwa wenyeji waliogopewa kupotea, mgeni anahitaji msaada ulio bora zaidi kuliko orodha ya viambishi ya kukariri.

Swali linaloongoza makala hii basi ni hili: Je, herufi za mwanzo za neno la Kiingereza zinaweza kuaminiwa kwa kiasi gani kama dalili ya maana?

2.0 Mazoea ya Msemaji wa Kiswahili

Kabla ya kukijadili Kiingereza, hapana budi kutazama kile anachokuja nacho msemaji wa Kiswahili. Katika lugha za Kibantu mwanzo wa nomino ndio makao ya sarufi. Kutokana na mzizi mmoja, -tu, hupatikana mtu, watu, kitu, vitu, utu na jitu. Asikiapo ki- au u-, msikilizaji huanza kutarajia ngeli, upatanisho wa kisarufi, na aghalabu aina ya maana, kabla mzizi wenyewe haujatamkwa.

Mazoea haya yana nguvu kiasi kwamba huyapasua hata maneno ya kigeni. Neno 'kitabu' limetoka katika Kiarabu, ambamo konsonanti zote tatu, k, t na b, ni za mzizi. Kiswahili kiliisikia silabi ya kwanza kuwa ni kiambishi, kikapata 'vitabu'. Maneno mawili ya Kiingereza, yaliyowaamuru madereva kushika kushoto, yalizaa 'kipilefti' kwa maana ya mzunguko wa barabara, na wingi wake 'vipilefti'. Vivyo hivyo, bamba linalozuia matope kwenye gurudumu lilipoingia likiwa 'madigadi', silabi ma- ilichukuliwa kuwa alama ya wingi, na umoja ukawa 'digadi'.

Mifano hii inadhihirisha kwamba msemaji wa Kiswahili huukata mwanzo wa neno bila kufikiri. Ndani ya Kiswahili ukataji huo ni maarifa. Anapokiendea Kiingereza, huuchukua pamoja naye, na humo hukuta vitu vitatu visivyofanana ambavyo vyote vimevaa sura moja.

3.0 Viambishi Awali vya Kiingereza

Kundi la kwanza ni viambishi awali vya hakika, yaani mofimu zinazoweza kutengwa na shina na kubadilishana nafasi na nyingine. Kutokana na 'build', jenga, hupatikana 'rebuild', jenga upya. Kutokana na 'view', mtazamo, hupatikana 'review', 'preview' na 'interview'. Hapa mazoea ya Kiswahili yanafaa. Hata hivyo, kuna mitego mitatu.

3.1 Sura moja, asili mbili

Kilatini kilikuwa na in- mbili. Moja ilikuwa ya ukanushi. Nyingine ilikuwa na maana ya 'ndani' au 'kuelekea', na pengine ilitilia mkazo tu. Zote mbili ziliingia katika Kiingereza zikiwa na sura ileile. 'Inflammable' imejengwa juu ya in- ya pili, kutokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuwasha moto. Kwa upande mwingine, 'invaluable' ina in- ya ukanushi, lakini haimaanishi kitu kisicho na thamani. Kinachokanushwa ni uwezekano wa kukadiria: kitu hicho ni cha thamani kubwa mno hata hakikadiriki. Anayemsifu mwenzake kwa neno hili akaeleweka kuwa amemtukana, tatizo haliko katika kiambishi, bali katika kutojua ni sehemu gani ya neno inayokanushwa. 'Infamous' nayo si mtu asiyejulikana, bali ni mtu mwenye sifa mbaya inayojulikana sana.

Jambo moja hapa humrahisishia kazi msemaji wa Kiswahili. In- hubadili sura yake kulingana na konsonanti inayoifuata, ikatupa 'impossible', 'illegal' na 'irregular'. Mwanafunzi wa Kiswahili anaujua usilimisho wa namna hiyo: nazali ya ngeli ya N- hutokea kuwa m katika 'mbaya' na n katika 'ndefu'. Mwalimu akianzia hapo, jambo linaloonekana geni litakuwa la nyumbani.

3.2 Kukanusha na kutendua

Kiambishi un- nacho ni viwili katika kimoja. Katika 'unkind', isiyo na huruma, un- hukanusha sifa. Katika 'untie', fungua, haikanushi chochote. Hurudisha nyuma tendo lililokwisha fanyika. Kihistoria viambishi hivi vina asili tofauti. Kiswahili huzitofautisha maana hizi kwa uwazi: ukanushi hutumia si- na ha-, ilhali utenduaji hukaa mwishoni mwa mzizi, kama katika funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua, choma na chomoa. Kwa hiyo neno 'unlockable', ambalo lina utata katika Kiingereza chenyewe, hupoteza utata wake mara lifasiriwapo, kwa kuwa mfasiri hulazimika kuchagua kati ya 'isiyoweza kufungwa' na 'inayoweza kufunguliwa'.

Ikumbukwe pia kwamba si kila un- ni kiambishi. 'Uncle', mjomba au baba mdogo, na 'under', chini ya, hayana kiambishi chochote. 'Union', muungano, limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya 'moja'.

3.3 Herufi tatu zinazofanana, maana mbili zinazopingana

Mtego wa tatu ndio wenye hatari kubwa zaidi. Viambishi vya Kigiriki hyper- na hypo- huanza kwa herufi tatu zilezile, lakini hyper- ina maana ya 'kupita kiasi' na hypo- ina maana ya 'chini ya' au 'pungufu'. Katika mazungumzo ya haraka sauti zake nazo hukaribiana. 'Hypertension' ni shinikizo la damu lililopanda; 'hypotension' ni shinikizo lililoshuka. 'Hyperglycaemia' ni wingi wa sukari katika damu. 'Hypoglycaemia' ni upungufu wake. Mgonjwa wa hali ya pili huhitaji sukari upesi, na kumpa insulini badala yake kunaweza kumuua. Mwanafunzi wa uuguzi anayesoma mwanzo wa neno na kukisia sehemu iliyobaki hajakosea sarufi peke yake.

4.0 Familia za Sauti

Kundi la pili halimo katika orodha za viambishi, na huenda mwanafunzi asilisikie kabisa darasani. Ni vikundi vya konsonanti ambavyo, bila ya kuwa mofimu, huonekana kurudia rudia katika maneno yenye maana zinazokaribiana. Mwanaisimu wa Uingereza J. R. Firth alivipa jina katika kitabu chake Speech cha mwaka 1930. Hapa jina hilo litaswahilishwa kuwa fonestimu. Jambo lenyewe lilikwisha kutambuliwa mapema zaidi: John Wallis, katika sarufi yake ya Kiingereza iliyoandikwa kwa Kilatini mwaka 1653, alijaribu kuvipa vikundi vya sauti za mwanzo maana zake.

4.1 Kikundi gl-

Maneno 'glow', 'gleam', 'glitter', 'glisten', 'glimmer' na 'glint' yote yanahusu mwanga. 'Glow' ni mwanga tulivu usio na miali, kama wa kaa la moto. 'Glitter' ni kumetameta kwa vimulimuli vingi. 'Glisten' ni kung'aa kwa kitu chenye majimaji. 'Glimmer' ni mwanga hafifu unaofifia na kurudi. 'Glare' ni mwanga mkali unaoumiza macho, na pia ni kumkodolea mtu macho kwa hasira. Kutoka mwanga hadi kutazama si mbali: 'glance' ni kutupa jicho, na 'glimpse' ni kuona kwa nukta moja.

Sehemu ya ufanano huu ni urithi. Baadhi ya maneno haya huhusishwa na mzizi mmoja wa kale wa lugha za Kihindi-Kiulaya, wenye kurejelea kung'aa na rangi ya njano. Hata 'glad', ambalo leo ni 'mwenye furaha', katika Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya kung'aa. Lakini urithi hauelezi yote. 'Glamour', haiba ya kuvutia macho, halikuzaliwa katika ukoo huo. Ni neno la Kiskoti lililotokana na neno lilelile linalomaanisha sarufi. Watu wasiojua kusoma waliiona elimu ya Kilatini kuwa ni uchawi. R ikageuka l. Na neno likawa na maana ya kiinimacho. Katika karne ya 19 maandishi ya Walter Scott yalilieneza. Baadaye lilihamia kwenye uzuri unaong'aa, likakaa miongoni mwa maneno ya gl- kana kwamba lilizaliwa humo.

Pamoja na hayo, 'glove' ni mfuko wa mkono, 'glue' ni gundi, 'gland' ni tezi, na 'glutton' ni mlafi. Hakuna mwanga hapo.

4.2 Kikundi sn-

Kikundi sn- huelekea puani na mdomoni: 'snout' ni pua ya mnyama, 'snore' ni kukoroma, 'sniff' ni kunusa au kuvuta kamasi, 'snort' ni kupiga pua kama farasi, 'snot' ni kamasi, 'snuff' ni ugoro. 'Sneeze', kupiga chafya, lina historia ya kufunza. Katika Kiingereza cha kale kitenzi hiki kilianza kwa fn-. Kikundi hicho kilipotoweka katika lugha, neno halikupotea, bali lilihamia kwenye sn-, mahali palipokuwa na jamaa zake wa maana. Hata hivyo 'snow' ni theluji, 'snake' ni nyoka na 'snail' ni konokono.

4.3 Kikundi wr-

Kikundi wr- hufichua jambo jingine. 'Wring' ni kukamua nguo kwa kuisokota. 'Wreath' ni shada lililosokotwa. 'Wrench' ni kunyonga kwa nguvu. 'Wrist' ni kiungo kinachozungusha kiganja. 'Wrinkle' ni kunyanzi. 'Wry' ni iliyopinda. Hata 'wrong', kosa, lilitoka katika lugha ya kale ya Skandinavia likiwa na maana ya kitu kilichopinda. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa, kwani kando ya 'pota', kusokota, lugha yake ina 'potoka' na 'upotovu'. Sauti ya w katika maneno haya imekwisha kufa. Leo 'wring' na 'ring' hutamkwa sawasawa. Undugu wa maneno haya umebaki kwenye maandishi, na jicho hulitambua jambo ambalo sikio limelipoteza. Lakini 'write', andika, halimo katika familia hii, kwa kuwa asili yake ni kukwaruza na kuchora.

5.0 Unasibu na Mipaka Yake

Nadharia ya isimu ya karne ya 20 ilijengwa juu ya unasibu wa ishara. Ferdinand de Saussure, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1916 baada ya kifo chake, alisisitiza kwamba hakuna sababu ya kimaumbile inayoifunga sauti ya neno na maana yake. Hoja hiyo ni thabiti. Nuru ya Kiswahili haina gl-, na inaangaza vilevile. Fonestimu haziuvunji msingi huu. Zinaonyesha tu kwamba maneno yaliyokwisha kuwamo katika lugha huvutana. Yakifanana machache, mengine huja kujiunga, kama 'glamour' na 'sneeze' yalivyofanya.

Leonard Bloomfield, katika kitabu chake Language cha mwaka 1933, aliviingiza vikundi hivi katika uchambuzi wa mofimu. Ugumu wa msimamo huo ni masalia. Ukiondoa m- katika 'mtu' hubaki -tu, ambayo hutokea kwingineko. Ukiondoa gl- katika 'gleam' hubaki kipande kisichokuwa na maana wala kazi.

Je, wasemaji wenyewe huyahisi haya? Benjamin Bergen (2004) alionyesha kwamba katika mkusanyiko mmoja mkubwa wa matini za Kiingereza, takriban asilimia 39 ya maneno tofauti yanayoanza kwa gl- yanahusu mwanga au kuona, na asilimia 28 ya yale yanayoanza kwa sn- yanahusu pua au mdomo. Katika jaribio lake, wasemaji wazawa walilitambua neno upesi zaidi lilipotanguliwa na jingine la fonestimu hiyohiyo kuliko lilipotanguliwa na neno linalofanana nalo kwa herufi tu au kwa maana tu. Yaani, familia hizi zimo akilini mwa wenye lugha. Lakini takwimu hizohizo zina onyo: maneno mengi ya gl-, yapata 6 katika kila 10, hayahusu mwanga wala kuona. Anayekisia kwa kutegemea herufi hizo peke yake atakosea mara nyingi kuliko atakavyopatia.

Kiswahili nacho hakikosi mambo ya namna hii. Maneno nywa, nyonya, nyesha, nyunyiza na unyevu yote yana majimaji ndani yake, bila kudai kwamba yametoka katika asili moja. Papo hapo nyumba, nyota na nyasi hayana. Hata hivyo, Kiswahili hupendelea kuipa hisia nguvu kwa njia nyingine, hasa uradidi na tanakali za sauti. Mfasiri wa 'glitter' na wenzake hupata metameta, meremeta na ng'ara. Urudiaji wa silabi ndio unaoshika zamu ya gl-. Isitoshe, muundo wa silabi wazi huwafanya baadhi ya wasemaji wasikitamke kikundi gl- katika umoja wake, wakasema 'gilasi' badala ya 'glasi'. Irabu ikiingia katikati, familia imetawanyika.

6.0 Kipimo cha Maswali Matatu

Kutokana na uchambuzi huu, inapendekezwa kwamba mwanafunzi anayekutana na neno jipya ajiulize maswali matatu kwa utaratibu.

(a) Je, herufi za mwanzo zikiondolewa, kinachobaki ni neno au shina linalotokea kwingineko? Katika 'unhappy' hubaki 'happy'. Katika 'uncle' hakibaki kitu. Jibu likiwa ndiyo, yaelekea hapo pana kiambishi, na pafuatwe na swali dogo: kiambishi hicho kina maana ngapi?

(b) Je, yako maneno mengine yanayojulikana, yenye mwanzo huohuo na maana ya karibu? Yakiwepo, familia hiyo itumike kulikumbuka neno baada ya maana yake kujulikana. Isitumike kuigundua maana.

(c) Je, sentensi nzima inakubaliana na maana iliyokisiwa? Maandishi juu ya pipa la petroli hayawezi kuwa yanamhakikishia mtu kwamba petroli haiwaki. Pale ambapo muktadha hautoshi, na hasa katika dawa, sumu na moto, kamusi ifunguliwe.

Kwa watungaji wa kamusi, pendekezo ni kwamba viambishi vyenye sura moja na asili mbili vipewe vidahizo viwili, kama ifanywavyo kwa homonimu, na kwamba jozi kama hyper- na hypo- zielekezane. Aidha, maneno ya mwanga yangefaa kulinganishwa mahali pamoja, ili mtumiaji aone lipi ni kumeremeta na lipi ni kufifia, badala ya kukuta 'ng'aa' chini ya kila moja.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba mwanzo wa neno la Kiingereza huweza kuwa kiambishi, huweza kuwa alama ya familia, na huweza kuwa herufi tu. Msemaji wa Kiswahili, aliyelelewa na lugha inayoweka sarufi yake mbele, ana kipaji cha kuutambua mwanzo wa neno. Kinachohitajika si kumnyang'anya kipaji hicho, bali kumfundisha kukipima. Nchini Tanzania, ambako kwa miaka mingi wanafunzi wa sekondari wamesomea sayansi kwa Kiingereza, somo hili halipaswi kuachiwa mwalimu wa lugha peke yake. Mwalimu wa kemia anayeandika 'inflammable' ubaoni, na mkufunzi wa uuguzi anayetamka 'hypo-', nao wana wajibu wa kusimama kidogo na kuuliza darasa: herufi hizi hapa zinasema nini?